Picha ya Kaburi na Bonde la Moabu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Kumbukumbu la Torati 34:1-8, kifo cha Musa. Kabla hamjafungua, niwaonyeshe picha ya aina iliyopigwa mara maelfu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kule Ufaransa na Ubelgiji. Tuta la udongo. Msalaba wa mbao wenye kibati cha jina. Nyuma yake misalaba mingine. Mtu hayumo.

Haikupigwa kwa ajili ya magazeti. Mwingereza Fabian Ware, aliyekwenda Ufaransa mwaka 1914 kuongoza kikosi cha magari ya Msalaba Mwekundu, aliona askari wakizikwa pale walipoanguka, wala hakuna aliyeandika nani amelala wapi. Yeye na kikosi chake wakaanza kuyaorodhesha makaburi. Kufikia Oktoba 1915 yalikuwa zaidi ya 31,000. Barua za ndugu zikamiminika, wakiomba picha. Wakatumiwa, pamoja na kadi yenye jina la marehemu, mahali kaburi lilipo, na kituo cha reli kilicho karibu.

Kituo cha reli! Hapo moyo wangu umekwama tangu Jumatatu. Aliyeijaza kadi ile alijua kwamba mama atakayeipokea atataka kwenda siku moja. Uingereza haikurudisha maiti nyumbani. Mama hakuuona mwili, hakutupia udongo, hakuwapo wimbo ulipoimbwa, kama uliimbwa. Alichopata ni picha ya kushika mkononi, na ninaamini ilikuwa rehema ya kweli.

Hata hiyo haikuwafaa wote kwa muda mrefu. Mapigano yalirudi juu ya ardhi ile ile, mizinga ikayafukua makaburi, misalaba ikapotea. Zipo familia zilizobaki na picha ya kaburi ambalo halikuonekana tena.

Sasa someni ule mstari wa 6, polepole. Musa alizikwa bondeni katika nchi ya Moabu, na hakuna ajuaye kaburi lake. Tumezoea kuishia hapo, kwenye kaburi lisilojulikana, tukaruka neno la kwanza: "Akamzika." Nani? Bwana mwenyewe. Israeli walimlilia siku 30 bila mahali pa kuelekea, lakini aliyemzika alipajua.

Mwandishi Rudyard Kipling alimpoteza mwanawe John kwenye mapigano ya Loos, Septemba 1915. Alitafuta sana, akafa mwaka 1936 bila kuonyeshwa kaburi. Ndiye aliyechagua maneno yanayochongwa kwenye mawe ya askari wasiotambulika, kwamba wanajulikana na Mungu. Baba asiye na picha ndiye aliyewapa wenzake maneno hayo.

Wako pia wapagazi wa Afrika Mashariki, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo hivyo, kwa njaa na maradhi. Wengi wao hawakuwekewa hata msalaba wa mti, na mama zao hawakupata kadi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kosa hilo na kuomba radhi. Ilichukua zaidi ya miaka 100.

Tuombe.

Ee Bwana uliyemzika Musa, wako wazazi leo usiku ambao mtoto wao amekufa vitani na hawajui amelazwa wapi. Wewe ulikuwepo. Kaa nao hadi asubuhi. Amina.