Tiramisu yangu ya Malindi, ya kwanza ilikua uji wa kahawa

Wacha niseme ukweli mapema, tiramisu, ile pudini baridi ya Kitaliano ya kupanga biskuti zilizochovywa kahawa na krimu, ya kwanza niliyotengeneza mimi tuliinywa kwa vikombe. Mamangu aliitazama, akaikoroga, akauliza kama mahamri ya asubuhi yamebaki tupate cha kuchovea. Kwa hivo wanaosema ni rahisi hawadanganyi, ni rahisi kweli, lakini ina sehemu mbili tatu ukizikosea umekula hasara, na krimu si bei ya sukari.

Sisi watu wa Malindi tiramisu tumeijua jina kabla ya kuijua ladha. Wataliano wako mji huu tangu miaka ya 60, walipokuja na mambo yao ya San Marco kule Ngomeni ya kurusha satelaiti kutoka baharini, wengine bahari ikawanogea wakajenga, ndo hizi pizeria na duka za aiskrimu mpaka watoto wa ufukweni wanakusalimu "ciao" kabla ya shikamoo. Shangazi yangu alifanya kazi jikoni kwa familia moja ya Kitaliano miaka mingi, Kitaliano chake akikasirika ni kitamu kuliko Kiswahili chake. Basi mimi nilipopata wazimu wa kutaka kutengeneza kitu cha tofauti cha Eid, manake kila mwaka ni visheti, kaimati na keki ileile, nikaenda kumuuliza shangazi inatengenezwaje. Akanambia, "Mwanangu, ile haipikwi. Unachovya, unapanga, unangoja." Bas. Hilo ndo somo zima nililopewa, nikarudi nyumbani najiona nimeshahitimu.

Tatizo la kwanza mascarpone. Ile ni jibini laini ya krimu, na ndo tiramisu yenyewe, bila hio una keki ya kahawa tu. Niliikuta supamaketi moja, nikasoma bei, nikairudisha kwa friji taratibu kama nimeshika mtoto wa watu. Mara hio ya kwanza nikasema nitatumia krimu peke yake, itatosha. Biskuti nikachukua zile za chai za mviringo. Kahawa nikapeleka chupa kwa muuza kahawa wa baraza ya jioni akanijazia kahawa chungu, ya moto, na tangawizi zake ndani. Sasa piga picha: biskuti za chai kwa kahawa ya moto, unaitia tu inakatikia mkononi, krimu nayo naipiga saa tisa mchana jikoni kwa bati, jasho linanitoka, krimu inazidi kua maji badala ya kusimama. Nikapanga hivohivo kwa ukaidi, nikatia kwa friji, asubuhi ndo ule uji. Ila nisiwe mchoyo wa sifa, ladha ilikua nzuri, ilikua na harufu ya maulidi, kahawa na tangawizi na utamu kama umemaliza kula halua.

Mara ya pili nikaamua mascarpone naitengeneza mwenyewe. Nilikua nimeshajua kwamba ni krimu na asidi tu, unachemsha unatia limau inashikana. Nilichokua sijui ni kua haikatiki kama maziwa ya kufanyia jibini nyingine, yale yanayojitenga mabonge huku maji kule. Mimi nikatia ndimu kijiko, nikangoja mabonge, hakuna, nikatia kijiko kingine, hakuna, cha tatu, kumbe kitu kilikua tayari kitambo, yani inakua nzito tu kama kastadi nyepesi na inaendelea kushika ikipoa. Nikaishia na jibini chungu ya ndimu ungeweza kulia samaki. Hio hata tiramisu sikufika, dadangu aliipaka kwa mkate na pilipili akasema tamu, sijui kama alikua ananionea huruma.

Ya tatu ndo hii ninayotaka kueleza vizuri, manake ilikubali, na nimeirudia mara mbili tangu hapo na bado inakubali.

Mascarpone: krimu nzito nusu lita, ile ya kupiga, angalia pakiti iwe na mafuta asilimia 35 hivi, ya chini sana haishiki. Sufuria kwa moto mdogo, unakoroga usiondoke, ukiwa na kipimajoto unataka nyuzi 85 za Selsiasi, mimi sina, naangalia pembeni kunaanza kutoa vipovu vidogo na mvuke lakini katikati haijachemka. Hapo tia juisi ya ndimu kijiko kimoja cha mezani, KIMOJA, koroga dakika tano juu ya moto uleule mdogo, ukichota kwa mwiko uone imeshika mgongo wa mwiko. Epua ipoe. Kisha kitambaa safi, mimi natumia kile cha kuchujia tui lakini mamangu kanipa changu mbali manake alisema hataki wali wake unuke jibini, unatandika kwa chujio juu ya bakuli, unamimina, kwa friji mpaka kesho. Asubuhi maji kidogo yamedondoka chini na juu umebaki na kitu kinapakika kama siagi laini. Nilicheka peke yangu jikoni.

Alafu mayai. Risipi ya kwao ni viini vibichi na sukari vinapigwa mpaka vinakua vyeupe, kwisha. Mamangu akasikia neno mayai mabichi akasema kwa nyumba hii na joto hili hakuna mtu wa kulishwa mayai mabichi siku ya Eid, tukaanza kupeleka wageni hospitali. Na alikua na haki. Kwa hivo unachukua viini vinne, sukari gramu 100 ambayo ni vijiko vinane vya mezani bila mlima, kwa bakuli la chuma juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, bakuli lisiguse maji, unapiga bila kusimama dakika nane kumi mpaka inakua nzito, rangi imepauka na ni moto kabisa ukigusa. Ukizubaa unapata mayai ya kuvuruga yenye sukari, kwa hivo simu iache chumbani. Iache ipoe sawasawa kabla haijakutana na mascarpone. Ule ute tuliobaki nao tukakaangia kimanda.

Kuchanganya ni kwa mwiko, si kwa mashine. Mascarpone ukiipiga sana inakatika, inatoa maji, na ikishakatika kuirudisha ni kazi. Mimi nachanganya viini na mascarpone polepole, kisha krimu nyingine robo lita nimeipiga pembeni mpaka imesimama, naikunja ndani kidogokidogo. Na hii ya krimu kusimama kwa joto la pwani siri yake ni baridi, bakuli na mapanga ya mashine vilale kwa friza nusu saa, krimu yenyewe itoke friji dakika hiohio, na fanya alfajiri au usiku. Saa tisa mchana usijaribu, nimeshakufanyia mimi hio.

Biskuti zao zinaitwa savoiardi, ndefu kama vidole, kavu kwa nje na ndani zina vitundu vya kunywa kahawa. Zikipatikana kwako nunua, maisha ni mafupi. Mimi nilipika keki nyepesi ya mayai 3, sukari gramu 90 na unga gramu 90, hakuna siagi hakuna baking pauda, mayai tu yapigwe yajae hewa. Kwa sufuria pana, makaa juu na chini kama keki zetu zote za zamani. Ikapoa nikakata vidole, nikavirudisha kwa sufuria kavu na makaa machache kabisa, nageuza geuza mpaka vikakauka kama tosti. Hapa ndo uji wangu ulipopata dawa, manake kitu kikavu kinakunywa kahawa na bado kinasimama.

Kahawa iwe nzito, iwe imepoa. Hii ya moto ndo iliniua mara ya kwanza. Vikombe viwili vinatosha, na safari hii niliacha tangawizi, ingawa siku moja nitairudisha makusudi na iliki juu. Kuchovya: upande mmoja muda wa kusema bismillahi, geuza, bismillahi, toa. Shangazi ndo alinipa kipimo hicho nilipomlilia kwa simu, akacheka akasema yule mama wa Kitaliano alikua akimgombeza "piano, piano", yani polepole, kwa kila kitu jikoni isipokua hapo tu.

Kuhusu pombe, manake najua kuna mtu anauliza. Wengi wanatia Marsala, mvinyo wa Kitaliano, au ramu, na sisi nyumbani hatutii. Nilidhani tunapunguza kitu, kumbe kule Treviso, mji wa Italia, kwenye mkahawa wa Le Beccherie ambao ndo unatajwa zaidi kua iliinukia hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970, risipi yao haina pombe kabisa, ni viini, sukari, mascarpone, savoiardi, kahawa na kakao. Watu wa Friuli, mkoa jirani yao, wanadai ni yao, huo ni ugomvi wao. Mimi kilichonichekesha ni kua hii kitu inayoonekana ya kale sana ni rika moja na satelaiti ya Uhuru iliyorushwa hapa kwetu Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970. Na jina lake maana yake ni kama "ninyanyue", ambayo kwa kahawa, sukari na mayai yote yale, sishangai.

Basi unapanga, vidole, krimu, vidole, krimu, unasawazisha juu, unafunika, kwa friji usiku kucha. Usiku wenyewe stima ikapotea saa nne. Nilikimbia kwa jirani mvuvi akanipa boksi lake la barafu, nikalizungushia nailoni bakuli mara tatu kwa hofu ya harufu ya samaki, nikalala na roho juu mpaka stima iliporudi. Kakao usitie mapema, inalowa inakua matope, subiri wageni wakae ndo uichekeche kwa chujio la chai.

Eid pili ikaja. Watoto walilamba krimu juu wakaacha chini, kahawa iliwashinda. Ami yangu alikula vipande vitatu akiita pudini. Shangazi alichukua kijiko kimoja, akanyamaza, sisi sote tunamuangalia mdomo, akasema, "Kahawa sawa. Krimu sawa. Kakao umemwaga kama unampiga poda mtoto." Kisha akafunika kilichobaki, eti ampelekee mzee nyumbani aonje, akatia kwa kikapu na bakuli la mamangu la kioo, lile la harusi yake. Hii ni wiki ya tatu. Mamangu ananiuliza bakuli kila siku na mimi namjibu piano piano, jana alinirushia mwiko.