Homa imeondoka, kifua je?

Kipupwe hiki Pemba nzima inakohoa, na swali ni lile lile: homa iliondoka, mbona siku ya saba imerudi na makohozi mazito?

Mapafu yana vifuko vya hewa zaidi ya milioni 300, kila kimoja na upana wa robo milimita hivi. Humo hukaa makrofaji, seli zinazomeza vumbi, bakteria na virusi. Zikivigundua virusi hutoa intaferoni, protini za kupiga mbiu, na seli jirani huanza kuvizuia visizaliane. Tatizo, mafua makali huua makrofaji nyingi na kuzilegeza zilizobaki, bakteria wa nimonia wakapata mwanya. Moshi wa makumbi nao (jiko bila dirisha!) huzijaza masizi zikashindwa kumeza. Homa ikirudi na pumzi zikienda mbio, kituo cha afya siku hiyo hiyo, mchaichai utangoja.