Desemba Tuliyoshuka

Desemba ikifika, Mchaga anapanda. Hilo halina mjadala. Kuanzia tarehe kumi na nane hivi barabara ya Segera mpaka Himo inajaa magari kutoka Dar, nauli inapaa, migomba inafyekewa, mbuzi wanaanza kuangaliana kwa wasiwasi. Kila mtu anarudi nyumbani kuhesabiwa.

Mwaka ule sisi watano tulishuka. Basi liliondoka Moshi saa kumi na mbili asubuhi likiwa na abiria wasiozidi kumi na tano, kila mtu na kiti chake na kiti cha mkoba wake, na njia nzima tukawa tunapishana na watu wetu wanaokwenda kuhesabiwa. Mama yangu alininunia siku tatu. "Yaani unaiacha Krismasi kwenda kupanda bembea?" Nikamwapia kwamba tarehe 23 atanikuta jikoni. Alinikuta, ila kwa nauli niliyolipa kurudi ningeweza kununua nusu mbuzi.

Chanzo cha yote nilikuwa mimi. Mwaka 2018 nilipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja kaskazini mwa Uingereza, na wenzangu wawili, mmoja wa Kisumu na mwingine wa Mbale, wakanivuta kwenda Blackpool. Ni mji wa pwani, una mnara wa chuma wa mita 158 tangu 1894, na upande wa kusini, ukivuka barabara tu kutoka baharini, kuna bustani ya michezo iitwayo Blackpool Pleasure Beach. Bahari yenyewe, jamani, ina rangi ya maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Hakuna aliyeoga. Watu wamevaa makoti, wanakula chipsi zenye siki, wanaitazama.

Safari ya kwanza upepo ulikuwa mkali, wakaifunga The Big One, rola kosta (treni ya kuchezea inayopanda na kuteremka vilima vya reli) yenye kimo cha mita 65 hivi, ambayo ilipofunguliwa mwaka 1994 hakukuwa na ya juu kuizidi duniani. Tukaishia kwenye Big Dipper, ya mbao, ya mwaka 1923. Inalia kama kitanda cha gesti. Kila ikikata kona unasikia mbao zinaongea, na nilivyoelewa baadaye ndivyo zinavyotakiwa: mbao inayumba kidogo, haikakamai. Lakini hakuna aliyeniambia kabla sijapanda. Safari ya pili, mwezi wa sita, The Big One ilikuwa wazi. Mimi nimezaliwa chini ya Kibo, ambako hizo mita 65 itabidi uzipange zaidi ya mara tisini ndipo ufike Uhuru. Lakini pale juu, reli ilipopotea mbele yangu na kubaki bahari tupu, hesabu hiyo haikunisaidia kitu.

Niliporudi Moshi hadithi hii niliisimulia mno. Nakiri. Niliisimulia kwenye mtori, niliisimulia msibani. Mpaka Mpare wetu, ambaye ni fundi simu karibu na stendi, akasema kwenye grupu letu la WhatsApp: "Basi twende tukapande ya kwetu Kigamboni, ili huyu dada anyamaze."

Watano hao ni hivi. Mpare huyo. Mama Jeni, anauza mitumba soko la Memorial. Mwalimu, anafundisha fizikia sekondari na hawezi kuacha kazi yake shuleni. Mimi. Na Mgumu.

Kwa wasio wa huku kwetu: wapagazi wa Mlima Kilimanjaro huitwa wagumu. Huyu wetu jina limemganda hata mkewe anamwita hivyo. Mzigo wa mgumu kwa sheria ya hifadhi hauzidi kilo 20, na anaubeba kichwani au begani mpaka kambi ya Barafu, mita 4,673, mahali anapopaendea kama mimi ninavyokwenda sokoni Mbuyuni. Tulipokuwa tunachanga hela, yeye ndiye aliyetucheka zaidi. "Mnalipa hela mtishwe? Mimi nalipwa."

Njiani hakuna cha kusimulia. Same kuna joto, Korogwe tulinunua machungwa, Mama Jeni alilala kutoka Segera mpaka Chalinze akiwa ameniegemea bega, bega likafa ganzi.

Kesho yake tukavuka kwa pantoni. Bustani tuliyokwenda siitaji, mtaona kwa nini. Ni nzuri kwa jumla: minazi, maji ya kuteleza, vigari vya kugongana, watoto wamepakwa rangi usoni. Dirishani Mpare alianzisha kesi. Bango linasema watu wazima bei hii, kundi la watu kumi bei ile, yeye anataka bei ya kundi kwa watu watano kwa sababu Mama Jeni anahesabika wawili. Wahenga wa utani wanasema Mpare huuza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku, na mimi nilisimama pale juani dakika ishirini nikaona ng'ombe akiuzwa. Tulilipa bei ya bango. Tukafungwa vibangili vya karatasi mkononi.

Rola kosta yenyewe ilikuwa joka. Kichwa cha joka mbele, rangi ya kijani imebabuka kwa chumvi ya bahari, na mkia nyuma. Kimo chake ghorofa mbili, labda tatu ukiwa na huruma. Niliitazama nikajisikia mkubwa, kama mtu aliyewahi kula pilau la harusi anapokaribishwa kiporo. Nikamwambia Mgumu akae nyuma kabisa na mimi, kwa sababu nyuma ndiko kuzuri: behewa la mbele linafika kileleni polepole, linaning'inia, linasubiri wenzake, la nyuma linapofika pale treni imeshashika kasi, kwa hiyo linang'olewa. Akakubali. Kijana wa mashine akapita akitushushia vyuma mapajani, kimoja kimoja, klak, klak. Alipofika kwetu akakisukuma chetu mara mbili.

Hapo ndipo niliona mkono wa Mgumu. Alikuwa amekishika kile chuma kwa chini, kama anataka kukirudisha juu.

Tukaanza kupanda. Ta-ta-ta-ta. Mwalimu, kiti cha mbele yetu, akageuka: "Hii haina injini, mnajua? Mnyororo unatupandisha tu. Tukifika pale unatuachia, kinachobaki ni kimo chetu kugeuka mwendo."

"Basi tutakimbia sana," Mama Jeni akasema. "Mimi peke yangu nina kilo tisini."

Mwalimu alitaka kumweleza kwamba kinachoamua kasi ni kimo cha kilima na si kilo za mtu. Kabla hajafungua mdomo, ta-ta-ta ikakoma. Muziki wa bustani nao ukakoma. Umeme ulikuwa umekatika, na sisi tuko katikati ya mlima, migongo imelala nyuma, nyuso zinatazama mbingu.

Sijui kama mmewahi kusikia kimya cha bustani ya michezo. Unasikia bahari. Unasikia mtoto anauliza, "Mama, mbona wamesimama?" Chini kijana wa mashine anapiga kelele kwamba jenereta linakuja, kana kwamba linatoka Kibaha.

"Nifungulieni," Mgumu akasema.

Alisema taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Kisha akarudia. Mara ya tatu nikageuka, nikamwona jasho limemtoka mdomo wa juu, macho yamekwama kwenye kile chuma. Mtu huyu nimemfahamu miaka minane. Nimemwona akishuka mlimani na ukucha wa dole gumba mkononi akinionyesha huku anacheka.

Mpare, kiti cha mbele kabisa, akauliza lile ambalo sote tulikuwa tunaliogopa: "Mwalimu, hii kitu haiwezi kurudi nyuma?"

"Haiwezi. Ile sauti mliyokuwa mnaisikia ni ulimi wa chuma chini ya behewa. Unaruka jino, unaangukia jino. Kila jino tulilokwisha kulipita haturudi chini yake, umeme uwepo usiwepo." Halafu, Mungu ambariki, akaona hali ya Mgumu na akafanya anachokijua. Akafundisha. Akasema rola kosta ya kwanza kule Marekani iliyovuma ilikuwa ufukweni Coney Island, mwaka 1884, ya bwana mmoja LaMarcus Thompson. Senti tano kwa safari. Watu wanapanda ngazi za mnara wenyewe kwa miguu, wanaketi ubavu, wanateremka kwa mwendo wa kilomita kumi hivi kwa saa.

"Bodaboda ya mgonjwa inakimbia zaidi," Mpare akasema.

"Ndiyo. Lakini walipanga foleni. Sasa Mgumu, nisikilize mimi. Chini ya reli kuna magurudumu mengine, yanaibana kwa chini kama koleo. Mwaka 1919 John Miller, mbunifu wa rola kosta, aliyaandikishia hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Kabla ya hapo ungekuwa na haki ya kuogopa."

"Siogopi kuanguka," Mgumu akasema. "Nataka kufunguliwa tu."

Nilimshika mkono. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo, na sikuwa na uhakika kama mkewe angependa, lakini nilimshika. Ilikuwa dakika nne, tano. Kisha jenereta likaunguruma, muziki ukarudi katikati ya neno, na ta-ta-ta ikaanza upya.

Kuteremka kwenyewe hakukufika hata dakika moja. Sitawadanganya kwamba lilikuwa joka kali. Ila nilijifunza kwamba hofu haina Kiswahili: Mama Jeni, ambaye Memorial anawaita wateja kwa lugha tano, alikuwa anamlilia Ruwa, Mungu wa Wachaga, kwa Kirombo safi; Mpare alitamka maneno ya Kipare ambayo baadaye alikataa katakata kuyatafsiri; Mwalimu hakutoa sauti kabisa, na tulipofika chini tukamkuta amefumba macho, amepoteza kiatu kimoja. Mgumu alipiga kelele moja ndefu, isiyo na neno ndani yake, kutoka juu mpaka kituoni. Sauti hiyo sikuijua. Ndiyo kitu ninachokipenda kwenye michezo hii, na ndicho kinachonitisha pia: unakaa na rafiki miaka, kisha unakisikia kitu kikimtoka ambacho hukuwahi kukutana nacho.

Chuma kilipoinuliwa alitoka wa kwanza, akaenda kukaa chini ya mnazi. Mchana uliobaki alitushikia mikoba. Hakuna aliyemtania, na kwa kundi letu hilo si jambo la kawaida.

Alisema jioni, kwenye pantoni, tukiwa tumesimama ubavuni, taa za Feri zinaanza kuwaka. Hatukumuuliza.

"Ile safari yangu ya pili mlimani. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kichwa kilianza kuniuma kabla ya Barafu, sikusema. Ukisema unaumwa siku zako zinakatwa. Usiku wageni walipoondoka kwenda kileleni mimi nikatoka kukojoa, nikaanguka. Nikawa natembea kama mlevi. Kifua kinatoa sauti ya maji."

Dawa kuu ya ugonjwa ule wa mwinuko ni moja: shuka. Wakamtia ndani ya mfuko wa kulalia, mikono ndani, wakamlaza kwenye ile machela ya tairi moja, wakamfunga mikanda kifuani na mapajani, wakaanza kumteremsha kwa njia ya Mweka usiku. Watu sita. Ile machela ikishika mteremko si watu wanaoisukuma, ni yenyewe inayowavuta wao, wanakimbia nayo wakiikaba isiwapokonye.

"Nilikuwa naona nyota tu," akasema. "Kuna mawe, inaruka, inagonga. Siwezi kutoa mkono. Wananiita jina, nawasikia, siwezi kuitika. Nikajua nimekufa, wananipeleka. Nikasema sawa, lakini kwa nini wanakimbia hivi? Si wanipeleke taratibu."

Mama Jeni alikuwa amemshika shati kwa nyuma, kama mtu anavyomshika mtoto asitumbukie.

"Leo si urefu. Urefu gani ule? Ni kile chuma. Mlimani miguu ni yangu. Nikitaka kusimama nasimama."

"Mkeo anajua?" nikamuuliza.

"Anajua niliumwa."

Pantoni ikapunguza mwendo. Watu wakaanza kusukumana kuelekea mlangoni, kama kawaida, chombo hakijagusa hata gati. Kijana wa karanga alikuwa anapita katikati yao na kapu lake, vifuko vimepangwa vizuri. Mpare akamwita. Akachukua vifuko vitano, akatugawia mmoja mmoja, akaanza na Mgumu. Hakuuliza bei. Kijana alipotafuta chenji mfukoni, Mpare alikuwa ameshageuka anatazama maji.