Tafakari ya wiki: Hatapaza sauti yake

Bwana asifiwe wapendwa. Desemba ikiingia tu lazima utamsikia Jim Reeves, yule mwimbaji wa Marekani, kwenye matatu, kwa supamaketi, redioni, na huyu mtu alifariki kwa ajali ya ndege Julai 1964, hata mwaka haukuwa umeisha tangu atoe albamu yake ya Krismasi. Wengi wanaoimba naye leo hawakuwa wamezaliwa. Bing Crosby vilevile, Nat King Cole vilevile, kila mwaka zinatoka nyimbo mpya za Krismasi na kila mwaka watu wanawarudia hawa wazee.

Mimi naona siri iko kwenye sauti yenyewe. Kabla maikrofoni ya umeme haijaingia studio miaka ya 1920, mwimbaji ilibidi apaze sauti ili asikike mpaka nyuma ya ukumbi. Maiki ilipokuja, kina Crosby wakaanza kuimba kama mtu anayeongea na wewe mmoja tu, mko naye sebuleni. Jim Reeves naye mwanzoni aliimba kwa nguvu kama wenzake wa muziki wa country, baadaye miaka ya 1950 akashusha sauti, akasogea karibu kabisa na maiki, na hapo ndio dunia ikamsikia.

Sasa fungua Isaya 42:2-3. "Hatalia, wala hatapaza sauti yake, wala kuifanya isikiwe katika njia kuu. Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima." Mathayo 12 inatuambia wazi huyu ni Yesu. Mungu angeweza kuja na ngurumo kama kule Sinai, lakini alikuja mtoto mchanga, horini, na habari wakapewa wachungaji waliokuwa zamu usiku.

Na mwanzi uliopondeka ni nani? Ni mtu aliyeumia, na hata nyuma ya nyimbo hizi wapo. Wimbo wa White Christmas uliandikwa na Irving Berlin, Myahudi mzaliwa wa Urusi, ambaye mwanawe mchanga alifariki siku ya Krismasi yenyewe, 1928. Crosby aliuimba redioni Krismasi ya 1941, wiki chache tu baada ya Japani kushambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, na vita vilivyoendelea wanajeshi walioko mbali wakawa wanauomba tena na tena, maana ni wimbo wa mtu anayetamani nyumbani na hayuko nyumbani. Nat King Cole, mtoto wa mchungaji wa Baptist, alirekodi wimbo wake wa Krismasi 1946, umejaa joto la nyumba na moto wa kuni, halafu 1948 akanunua nyumba Hancock Park, Los Angeles, majirani wazungu wakajipanga kumzuia asikae pale kwa sababu ni mweusi. Akahamia hivyo hivyo, akakaa. Ukijua hayo unasikia ule upole wake tofauti kabisa.

Najua kuna wapendwa wanasema nyimbo kama White Christmas hazimtaji Yesu hata mara moja, ni theluji tu. Ni kweli, na sisemi tuzipeleke ibadani. Lakini kwenye ile albamu ya Jim Reeves, White Christmas imekaa pamoja na Usiku Mtakatifu, na mtu aliyekuja kutafuta nyumbani anajikuta Bethlehemu, na mimi siwezi kulichukia hilo.

Krismasi hii kuna ndugu zetu wako Doha na Riyadh kazini, kuna manesi na walinzi wa zamu ya usiku, kuna nyumba ambazo kiti kimoja ni kitupu kwa mara ya kwanza. Makelele ya sikukuu yanawaumiza zaidi. Kwa hiyo wiki hii soma Isaya 42:1-4 kila asubuhi, halafu chagua mtu mmoja wa hivyo umpigie, sio kumforwadia kadi, umpigie simu uongee naye taratibu, na kama analia usimharakishe, muombee hapo hapo kabla hamjakata.