Chai ya maziwa, sukari vijiko viwili

Jumanne usiku umeme ulikatika hapa Majengo, mvua ndiyo kwanza inakolea. Nikanyoosha mkono gizani kutafuta simu niwashe tochi, nikakigonga kikombe, chai ikamwagika. Kioo cha laptopu ndicho kilichokuwa kimebaki na mwanga chumbani. Nacho kikazima.

Halafu nikafanya ujinga ambao bado unaniuma: nikabonyeza kitufe cha kuwashia, nijue kama imekufa. Nikabonyeza tena. Najua vizuri kwamba kilichomwagika hakiui ubao wa umeme wa ndani haraka kama kinavyouua kikikutana na umeme. Shaba inaanza kulika hapohapo, na njia zisizotakiwa kugusana zinagusana. Lakini ndani ya laptopu ile kulikuwa na hesabu zote za kikoba cha Mama, miaka mitatu, na mkono wenye hofu hauna elimu. Ndipo nikakumbuka kuchomoa betri (bahati nzuri ni ya zamani, betri inachomoka kwa nyuma) na kuigeuza laptopu kifudifudi kama paa la kibanda.

Mama akatokea na sufuria. "Ifukie kwenye mchele, mwanangu."

Nikamwambia tusiuharibu mchele wa Pasaka. Mchele haunyonyi sukari. Hata maji yakikauka, maziwa na sukari vinabaki chini ya vitufe, na kwa masika haya ya Moshi, mlima wenyewe hatujauona wiki nzima, uchafu ule ungeendelea kuvuta unyevu kutoka hewani. Dawa ilikuwa moja tu, kuifungua.

Jumatano nikitoka kazini nikapitia kwa fundi mmoja karibu na soko la Mbuyuni kuomba ushauri wa spiriti ya kuoshea ubao. Nilikuwa na ile ya kusafishia vidonda. Akaishika, akasoma kibandiko, akanirudishia. "Hii ya asilimia sabini, dada'angu. Hiyo thelathini iliyobaki unadhani ni nini? Unaosha maji kwa maji." Akanipimia ya asilimia 99 kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Nikamuuliza kuhusu petroli, maana nimeona mafundi wengi wa simu wakioshea. Akacheka: inasafisha kweli, ila kuna plastiki inazilamba, na wewe unafanyia chumbani kwenye kitanda.

Nilifanyia mezani, kwa taarifa yake.

Nikachora umbo la tumbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu niliyotoa nikaibandika kwa selotepu pale ilipotoka. Inaonekana kazi ya kitoto, lakini skrubu hazilingani urefu, na ndefu ikiingia kwenye shimo la fupi inaweza kwenda kutoboa ubao. Nilipofika ya saba nikasimama. Zote zilikuwa nyeusi, hii ya njano. Karibu na feni kulikuwa na kipande cha tepu ya umeme, kimebandikwa kwa uangalifu, ncha zimekunjwa. Kumbe si mimi wa kwanza kuingia humu.

Sijui kwa nini hilo lilinituliza. Laptopu niliinunua ya mtumba, na kibodi yake ilikuwa na ä, ö na ü, huku Z ikikaa mahali ambapo wengine wana Y. Miaka minne sikuwahi kumfikiria Mjerumani yeyote. Sasa nikamfikiria mtu aliyepoteza skrubu nyeusi, akapekua droo yake, akapata ya njano, akasema basi na iwe hii. Na mashine ikafanya kazi miaka yote hiyo. Mkono wangu ukaacha kutetemeka.

Ubao ulikuwa umesalimika kuliko nilivyostahili. Doa moja la kijani karibu na mdomo wa waya bapa wa kibodi, nikalisugua kwa mswaki mpya na spiriti hadi shaba ikang'aa. Kibodi yenyewe ndiyo haikupona. Chini ya vitufe kuna karatasi laini za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na chai ikishaingia katikati yake huoshi tena. Fundi alikuwa na laptopu ya aina hiyohiyo iliyochinjwa spea, akanitolea kibodi yake kwa 25,000, ya Kiingereza.

Nikaiacha ikauke hadi Alhamisi jioni. Nikawasha. Feni ikazunguka, nikaita "Mama!" kwa sauti ya mtu aliyejifungua. Nikaandika nywila. Imekataliwa. Mara ya pili, ya tatu. Nikaanza kuushuku ubao, kuishuku chai, kuushuku mswaki. Mwisho nikabofya kile kijicho cha kuonyesha herufi, nikaona nimeandika "yawadi". (Nimeshaibadilisha, msijisumbue.) Kila siku naandika bila kutazama. Siku hiyo kwa uoga nilikuwa naangalia kitufe kimoja kimoja, na vitufe sasa ni vya Kiingereza wakati mashine bado inasoma Kijerumani.

Kurekebisha ni dakika moja kwenye mipangilio. Sijarekebisha, vidole vyangu vimeshazoea. Ila jana Mama alikaa mwenyewe kuandika barua ya kikoba, akitafuta herufi kwa kidole kimoja, akafika mwisho, akavaa miwani vizuri na kuniita.

"Hii kitu yako haijapona. Nimeandika Mweka Hazina, yenyewe inasema Hayina. Wakati hela zipo!"