Ninavyosafisha banda kuku wakifa ghafla

Kuku wakianguka kwa wingi ndani ya siku mbili, wengi husema ni kideri. Huenda ni kweli, lakini upanga kuwa wa zambarau na kichwa kuvimba hata mimi havinitofautishii kideri na mafua ya ndege. Kwa hiyo kila banda la namna hiyo nalichukulia kuwa lina H5N1, kirusi cha mafua ya ndege, hadi maabara iseme vingine. Daktari wa mifugo huchukua sampuli kwanza. Mimi sipasui mzoga wala sinyonyoi. Kuchinja na kunyonyoa kuku mgonjwa ni hatari kuliko kumla aliyeiva, kwani nyama ikifika nyuzi 70 hadi ndani virusi hufa.

Navaa ovaroli, buti za mpira, glavu, barakoa ya N95 na miwani inayoziba pembeni. Miwani ndiyo watu huiacha. Katika mlipuko wa H7N7, aina nyingine ya mafua ya ndege, Uholanzi mwaka 2003 walithibitishwa watu 89 walioambukizwa, na wengi wao waliugua macho tu.

Sifagii maranda makavu: vumbi la kinyesi ndilo linaloingia puani. Nanyunyizia maji taratibu hadi yalowe, bila mashine ya presha maana hurusha matone, kisha nakwangua na kutia kwenye mifuko. Sakafu naisugua kwa sabuni, nasuuza, naacha ikauke. Hapo ndipo klorini inaingia: lita 1 ya dawa ya asilimia 5 kwa lita 9 za maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo, nayo sakafu ibaki imelowa dakika 10. Ukiimwaga juu ya kinyesi, uchafu unaimaliza nguvu kabla haijagusa virusi. Utasikia harufu kali na kudhani kazi imefanyika.

Kuvua ndiko kunakoponza, mtu amechoka na jasho linamwasha. Glavu kwanza, nanawa, ovaroli na buti, nanawa, miwani, barakoa mwisho, nanawa tena kwa sabuni.

Siku 10 zinazofuata napima joto asubuhi na jioni. Homa, kikohozi au jicho jekundu likitokea, najitenga na kumpigia daktari siku hiyohiyo, nikianza na habari ya kuku. Oseltamivir, dawa ya virusi vya mafua, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Antibayotiki haigusi virusi. Jicho likiwa jekundu, naomba sampuli ichukuliwe jichoni pia, si puani na kooni tu.