Umeme Ulipokatika, Nashville Ikaingia

Dhoruba ilitupiga Jumatatu, tarehe 10 Agosti 2020, saa sita na nusu hivi mchana. Hapa Iowa wanaiita derecho: siyo kimbunga cha kuzunguka, ni upepo unaokuja umenyooka kama ukuta. Huo wetu ulianzia South Dakota asubuhi ukaishia Ohio usiku, zaidi ya kilomita 1,200. Mji wetu wa Cedar Rapids ndio uliokula kipigo kikubwa. Wataalamu wa hali ya hewa walikuja kukadiria kwamba upande wa kusini-magharibi, tunakoishi, upepo ulifika kilomita 225 kwa saa. Tulijibanza bafuni, mimi, mke wangu na watoto, godoro juu ya vichwa. Tulipotoka, paa la jengo la pili lilikuwa limelala kwenye maegesho, juu ya magari ya watu.

Umeme ulikatika dakika za mwanzo kabisa. Simu zilibaki na chaji lakini mtandao haupo. Kufika jioni watu wote wa zile fleti, Wakongo, Warundi na sisi Watanzania wa kuhesabika, walikuwa nje, kila mmoja ana swali na hakuna wa kumjibu. Maji ya bomba yanafaa kunywa? Mafuta yanapatikana wapi? Kesho kazini kuna kazi? Stesheni ya hapa mjini niliyoizoea kwenye gari ilikuwa imenyamaza kabisa. Hata ule mvumo wa stesheni iliyo hewani huku mtangazaji amekaa kimya, haukuwepo.

Hapo ndipo nilipoikumbuka redio.

Ni kiredio cha kidijitali cha kushika mkononi, nilichotoka nacho Kigoma ndani ya begi la nguo miaka minne kabla. Huku kilikuwa hakijanifaa kitu. Kila nilipokiwasha upande wa AM, yaani masafa ya kati kama tulivyozoea kuyaita enzi za Radio Tanzania, kilikuwa kinakoroma tu, nzzzzz, mwanzo wa bendi hadi mwisho. Nikajua AM ya Marekani imeshakufa, watu wamehamia kwenye simu. Nikakitupa kabatini.

Jioni ile nikakiwasha na kushangaa. Hakikoromi! Kulikuwa na ule utulivu wa redio iliyo tayari kusikia, na mipasuko ya radi ya mbali ta, ta, basi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kilichokuwa kikikoroma miaka yote ni sisi wenyewe. Chaja za simu, taa za LED, televisheni, modemu, kila kidude kilichochomekwa ukutani kwenye majengo yale kinatema kelele humo humo kwenye masafa ya kati. Dhoruba ilikuwa imevizima vyote kwa mkupuo, mji mzima.

Nikaanza kupanda na bendi polepole. Kwenye kilohezi 720 nikakuta mtu anaongea, hafifu lakini anaeleweka. Ni WGN ya Chicago, kama kilomita 350 kutoka kwetu, na jua lilikuwa bado halijazama. Lakini Chicago nao walikuwa na yao, dhoruba ile ile ilikuwa imewapitia alasiri. Nilichokitaka ni Des Moines, makao makuu ya jimbo, maana huko ndiko gavana anakosemea. Kuna stesheni ya huko inaitwa WHO, iko 1040, nguvu za kilowati 50, na madereva wa malori wote wanaijua. (Ronald Reagan alitangaza mpira pale miaka ya 1930, kabla ya sinema na siasa.) Kwa umbali wa kama kilomita 170, na ardhi ya Iowa inavyopitisha mawimbi vizuri, ilitakiwa ingie mchana kweupe kama jirani.

Haikuingia. Yaani iliingia, lakini kama mtu anayeongelea ndani ya mtungi, maneno yamepasuka pasuka. Nikipandisha inasoma 1044, nikishusha inasoma 1035. 1040 haipo! Nilihangaika nayo karibu nusu saa, nikabadilisha betri, nikakipiga makofi kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Mke wangu akanichukulia redio mkononi, akabonyeza mara tano sita huku akinong'ona namba.

"Baba Neema, hii inaruka tisa tisa."

Kumbe! Afrika na Ulaya stesheni za masafa ya kati zimepangwa kwa kuachana kilohezi tisa. Marekani zinaachana kumi. Redio yangu ilikuwa bado iko Kigoma. 720 niliipata kwa sababu inagawanyika kwa tisa na kwa kumi, bahati tu. Redio nyingi za aina hii zina kitufe cha kubadilisha, unakibonyeza kwa muda redio ikiwa imezimwa. Sikuwa na kitabu chake, kwa hiyo nilijaribu vitufe vyote kimoja baada ya kingine hadi kioo kikaandika 10. Nikaenda 1040, na sauti ikatoka safi kiasi kwamba mama mmoja wa Uvira aliyekuwa amekaa karibu na ngazi aliinuka na kiti chake.

"Banasema nini, kaka?"

Ikawa ndiyo kazi yangu kwa siku zilizofuata. Wanasikiliza Kiingereza, wananitazama mdomoni, nami nawapa kwa Kiswahili. Habari za mtaani kwetu hazikuwa nyingi, nikiri. Des Moines wanaisemea Iowa nzima, wao nao walikuwa na miti juu ya nyumba. Lakini tulijua mapema kwamba askari wa Walinzi wa Taifa wanakuja kusaidia kuondoa miti kwenye nyaya, na Ijumaa kweli walifika. Mtu akijua hilo hulala tofauti na asiyejua.

Sasa kuhusu kuishika stesheni ya mbali. Ufundi wenyewe sikuusomea, nilifundishwa na baba mdogo kule Kigoma, kwa redio ya National na betri zilizoanikwa juani zivute siku mbili zaidi. Alikuwa akiishika redio kwa mikono miwili na kuizungusha taratibu kama mtu anayetafuta kibla. Nilidhani ni madoido. Ndani ya redio kuna kijiti cheusi kimesokotwa waya mwembamba, na hicho ndicho antena ya AM. Ule mkonga mrefu wa kuvuta ni wa FM na masafa mafupi, ukiuvuta kwa ajili ya AM unajichosha. Kijiti kikilala ubavu kwa stesheni, sauti inajaa. Ncha yake ikiielekea stesheni, sauti inazama. Kwa hapa kwetu Chicago iko mashariki na Des Moines magharibi, karibu mstari mmoja na sisi katikati, kwa hiyo mkao mmoja wa redio ulizifaa zote mbili. Nikiigeuza robo duara, zinapotea hizo, zinapanda Minneapolis kwa 830 na St. Louis kwa 1120.

Ule mzamo ndio ulioniokoa siku ya tatu, jirani alipopata jenereta na kibadilisha umeme cha bei rahisi. Kelele zikarudi. Siwezi kumwambia azime, ana dawa za mtoto kwenye friji. Nikahama hatua kama thelathini, kisha badala ya kuitafutia redio mkao wa stesheni, nikautafuta mkao unaoua jenereta: ncha ya kijiti imeielekea moja kwa moja. Des Moines ikapungua kidogo, lakini nzzzz ikafa. Watu wengi wanakosea hapo, wanahangaika kuongeza sauti ya stesheni wakati kinachotakiwa ni kupunguza fujo.

Usiku ni habari nyingine kabisa. Agosti hapa jua linazama saa mbili na robo usiku, jambo ambalo mtu wa Kigoma halizoei hata baada ya miaka minne. Mchana kuna tabaka angani, kilomita 60 hadi 90 juu, linaloundwa na mwanga wa jua, nalo hunyonya mawimbi ya kati. Jua likienda tabaka hilo linayeyuka, mawimbi yanapanda hadi tabaka la juu zaidi, yanagonga na kurudi chini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo maana hapa Marekani stesheni nyingi ndogo zinalazimika kupunguza nguvu au kuzima kabisa jua likizama, zisigombane, na wakubwa wa kilowati 50 wanabaki na anga. Usiku wa pili nilipata Atlanta kwa 750, Denver kwa 850, Cincinnati kwa 700. Na Nashville, WSM, kwa 650, na magitaa yao.

Utaijuaje stesheni? Saa kamili inapogonga, tulia usiguse kitu. Kisheria lazima wataje herufi zao na mji wao. Kwa kawaida mashariki ya mto Mississippi herufi zinaanza na W, magharibi na K, ingawa WHO yenyewe iko magharibi na inaanza na W, kwa hiyo usiweke dau. Na sauti ikififia, mwache aende. Anarudi. Wageni wa mchezo huu wanahama stesheni pale pale, nusu dakika kabla haijarudi na nguvu zote.

Nilitaka na waya pia. Baba mdogo alikuwa na waya mrefu juu ya mwembe, na mwisho wake ameuzungusha kwenye tumbo la redio mizunguko kama kumi, bila kuuunganisha popote. Inasaidia sana. Nikapata mita 15 za waya wa spika, nikatoka nje, nikasimama nikicheka peke yangu. Miti gani? Mji ule ulipoteza zaidi ya nusu ya miti yake kwa saa moja. Nikaulaza juu ya uzio wa mbao. Denver ikapanda, zingine sikuona tofauti. Nyaya zilizoanguka mtaani sikuzisogelea hata kidogo, na kijana mmoja aliyependekeza tuunganishe kwenye mojawapo "maana umekatika" nilimfokea mbele ya mama yake.

Redio ya gari ingefanya kazi, pengine vizuri kuliko changu. Lakini vituo vya mafuta havina umeme, foleni za muda wa saa tatu, nani anataka kuua betri ya gari kwa ajili ya muziki wa Nashville?

Umeme ulirudi usiku wa Jumatano, tarehe 19. Tulikuwa nje, watu wanane hivi, tumeizunguka 650. Mzee mmoja wa Uvira ambaye Kiingereza hajui hata neno alikuwa ameizoea ile fidla, anapiga kidole kwenye goti. Ghafla madirisha yakawaka, kelele za shangwe jengo hadi jengo, watoto wanakimbia kuchomeka simu. Na redio: nzzzzz.

Mzee akanigeukia. "Balienda wapi?"

Nikaichukua redio, naye akachukua kiti chake, tukapita rundo la matawi hadi mwisho wa maegesho, mahali taa zisipofika. Huko, kwa mbali, fidla ilikuwa bado ipo.